Ni Nani Humwandaa Mtaalamu wa Fiziotherapia wa Wanamichezo?

Katika viwanja vya Mwanza, kuanzia CCM Kirumba na Nyamagana hadi viwanja vya shule vya Ilemela, Magu na Sengerema, mchezaji anapoanguka na kushindwa kuinuka, mtu wa kwanza kumfikia ni yule ambaye mashabiki humwita daktari wa timu au mchua misuli. Huenda ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, mwenye shahada, huenda ni muuguzi anayejitolea, na huenda ni mchezaji wa zamani aliyejifunza kuchua kwa kuwatazama wenzake. Kwa anayetazama kutoka jukwaani wote ni sawa, maana wote hukimbia na begi, barafu na dawa ya kupulizia. Kinachowatenganisha ni mafunzo, na katika tiba ya michezo mafunzo hayo yana jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu: mtaalamu wa fiziotherapia anayestahili kukabidhiwa mwanamichezo haandaliwi na walimu wa fani yake peke yao.

Hapa nchini elimu ya msingi ya fiziotherapia hutolewa katika ngazi ya stashahada na shahada, na vituo kama KCMC kule Moshi vimewafunza wataalamu wengi wanaofanya kazi leo katika hospitali zetu, zikiwemo za Kanda ya Ziwa. Mhitimu wa elimu hiyo hujua anatomia, mwendo wa mwili, tathmini ya maumivu na mazoezi tiba, na anaweza kumhudumia mgonjwa wa kiharusi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo na mzee mwenye maumivu ya mgongo. Uwanja wa michezo unamdai zaidi ya hayo. Shirikisho la kimataifa la wataalamu wa fiziotherapia ya michezo limebainisha stadi 11 ambazo mtaalamu wa eneo hili anapaswa kuwa nazo, na ukizisoma utaona kwamba kukanda na kunyoosha viungo ni sehemu ndogo tu. Zimo pia kuzuia majeraha, kutoa huduma ya dharura, kuendeleza utafiti na kulinda mchezo wa haki dhidi ya dawa zilizokatazwa. Nchini Marekani, ambako mtihani wa ubingwa wa fiziotherapia ya michezo ulianza mwaka 1987, mwombaji hapati cheti hicho bila kuthibitisha kwanza kwamba amefuzu huduma ya dharura. Hakuna mwalimu mmoja anayeweza kuyafundisha yote haya kwa ukamilifu.

Tuchukue jeraha moja ambalo wapenzi wa soka wanalijua vizuri, la kuchanika kwa ligamenti ya mbele ndani ya goti, yaani ukanda imara unaoshikanisha mifupa. Mchezaji hugeuka ghafla huku mguu umekita chini, goti hutoa mlio, na ndani ya saa chache huvimba. Mara nyingi tukio lenyewe hutokea bila kuguswa na mtu, na wanawake wanaocheza soka hulipata zaidi ya wanaume wanaocheza kwa kiwango hichohicho. Daktari bingwa wa mifupa anapoamua kufanya upasuaji, huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, aghalabu kutoka mbele ya goti au nyuma ya paja, na kukipandikiza mahali pa ligamenti iliyochanika. Jambo analopaswa kumfundisha mwanafunzi wa fiziotherapia, na ambalo yeye ndiye anayelijua kwa undani kuliko wengine, ni kwamba kipande hicho hakibaki na nguvu ileile kilichokuwa nayo siku ya upasuaji. Kwa kuwa kimekatwa kutoka kwenye mishipa yake ya damu, hulegea kwanza kabla ya kujijenga upya, na katika majuma ya kati, yaani kati ya juma la sita na la kumi na mbili hivi, huwa dhaifu. Hapo ndipo uvimbe umekwisha, maumivu yamepungua, na mchezaji anajisikia amepona. Mtaalamu ambaye hajawahi kusimama karibu na mpasuaji na kuelezwa jambo hili atashawishika kumruhusu kijana akimbie kwa sababu tu goti limetulia.

Mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi, yaani namna mwili unavyofanya kazi wakati wa mazoezi, huja na somo lake katika jeraha hilohilo. Misuli ya mbele ya paja hunywea haraka baada ya upasuaji, na kuirejesha kunahitaji mzigo unaoongezwa kwa hesabu, wala si kwa kukisia. Yeye ndiye anayemfundisha mwanafunzi kupima nguvu ya mguu ulioumia na kuilinganisha na ya mguu mzima, kumpima mchezaji akiruka kwa mguu mmoja, na kukataa kumrudisha uwanjani kabla mguu ulioumia haujafikisha walau asilimia 90 ya uwezo wa mwenzake. Muda nao una uzito wake: miongozo mingi inashauri isipungue miezi 9 tangu upasuaji, kwa kuwa wanaorudi mapema zaidi huumia tena kwa kiwango kikubwa. Mwanasaikolojia, kwa upande wake, hufundisha kupima hofu, kwa maana kuna mchezaji ambaye goti lake limefaulu vipimo vyote lakini bado anauweka mguu chini kwa wasiwasi, na wasiwasi huo hubadilisha namna anavyotua na kugeuka.

Ninalitaja goti kwa kirefu kwa sababu linaonyesha wazi kwamba uamuzi wa mwisho, yaani lini mchezaji arudi, unahitaji maarifa ya watu watatu au wanne, lakini hutolewa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya mgonjwa. Mtu huyo sharti awe amefundishwa na hao wote.

Daktari wa dharura ni mwalimu ambaye nafasi yake haina mbadala. Tarehe 26 Juni 2003 mjini Lyon, Ufaransa, kiungo wa Kamerun Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya mchezo wa nusu fainali dhidi ya Kolombia, bila kugongana na mtu, akafariki. Moyo ukisimama namna hiyo, kila dakika inayopita bila mshtuko wa umeme wa kuurejesha mapigo hupunguza nafasi ya kuishi kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia anayekaa benchi lazima aweze, bila kusubiri mtu, kubana kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika na kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na ajue gari la wagonjwa liko wapi kabla kipyenga cha kwanza hakijapulizwa. Daktari huyohuyo humfundisha mambo yasiyotisha sana lakini yanayotokea kila wiki. Kwa kifundo cha mguu kilichoteguka zipo Kanuni za Ottawa, zilizochapishwa Kanada mwaka 1992: ikiwa mfupa wa kifundo unauma unapobonyezwa kwenye ukingo wake wa nyuma au ncha yake, au mgonjwa hawezi kupiga hatua nne, apelekwe kupigwa picha, asiye na dalili hizo kwa kawaida hahitaji picha ya kifundo. Kwa familia inayolipa nauli na gharama za kipimo kutoka mfukoni, somo hili dogo ni msaada mkubwa. Kwa mtikisiko wa ubongo kanuni ni kali zaidi: mchezaji aliyegongwa kichwa akapoteza kumbukumbu, akayumba au akachanganyikiwa hatarudi uwanjani siku hiyo, hata kama mwenyewe anaapa kwamba yuko sawa na kocha amebakiwa na wachezaji kumi.

Sasa niingie katika jambo linalotuhusu sisi wa ukanda huu wa Ziwa Victoria, ambalo vitabu vya tiba ya michezo vilivyoandikwa Ulaya hulipitia juujuu au hulikosa kabisa. Vijana wetu hufanya mazoezi karibu na ziwa, na wengi huingia majini kuoga na kujipoza baada ya mazoezi. Kichocho kinachotawala katika mwambao na visiwani ni kile cha tumbo, ambacho hakileti damu kwenye mkojo kama watu walivyozoea kusikia, na hivyo mtu anaweza kukaa nacho miaka huku akipoteza damu kidogo kidogo. Mchezaji wa namna hiyo huchoka kabla ya wenzake, misuli humuuma, na benchi la ufundi humwona mvivu. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyefundishwa na daktari wa magonjwa ya ndani na mtaalamu wa maabara hatamwongezea mazoezi ya pumzi. Atampeleka apimwe kinyesi na wingi wa damu, kwa maana dawa ya kichocho ipo na inapatikana.

Selimundu ni somo jingine la hapahapa, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye ugonjwa huu kwa wingi. Mgonjwa wa selimundu kwa kawaida hujulikana tangu utotoni. Ninayemzungumzia ni yule aliyerithi kinasaba kimoja tu, ambaye ni mzima, anacheza vizuri, na huenda hajui kabisa hali yake. Katika juhudi kali mno, hasa kwenye joto na mwili ukiwa umepungukiwa maji, mtu huyu anaweza kuishiwa nguvu na kuanguka. Daktari wa magonjwa ya damu humfundisha mwanafunzi tofauti inayookoa maisha: mwenye mkakamao wa kawaida husimama ghafla akiwa ameshika msuli uliokaza kama jiwe, lakini huyu hulegea polepole akiwa na fahamu zake, miguu ikamwishia nguvu na misuli yake ikiwa laini ukiishika. Wa kwanza unamnyoosha msuli. Wa pili unamtoa uwanjani mara moja, unampoza, unampa oksijeni ikiwepo, na unamkimbiza hospitali. Anayempigia kelele ainuke amalizie mzunguko anaweza kumuua.

Mfamasia naye anastahili kiti katika darasa hili, na kwa maoni yangu amechelewa kupewa. Mazoea ya kumchoma mchezaji sindano ya diklofenaki saa moja kabla ya mechi, au kumnunulia dawa za jamii ya steroidi dukani bila cheti cha daktari, ni mabaya kwa sababu zaidi ya moja. Maumivu yaliyozimwa humfanya mchezaji aumize zaidi mahali palepale, figo za mtu aliyepungukiwa maji huathirika, na tangu Januari 2022 sindano zote za glukokotikoidi, ambazo ni aina ya steroidi, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano chini ya kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli, ambazo humwajibisha mchezaji mwenyewe hata kama aliyemdunga ni mwingine. Mtaalamu wa lishe ana mambo mengi ya kusema, nami nitalitaja moja: dagaa wa ziwani wanaoliwa wazima, pamoja na mifupa yao, humpa kijana protini na kalsiamu kwa bei ambayo hakuna unga wa dukani unaoweza kushindana nayo.

Mwalimu anayesahauliwa mara kwa mara ni kocha. Wapo wataalamu wanaoona ni kujishusha kufundishwa na mtu asiye na cheti cha afya, nami nalipinga jambo hilo kwa dhati. Kocha ndiye anayejua winga hukimbia kwa kasi mara ngapi katika mchezo, kipa hutua kwa bega lipi, na mpiga kasia wa mashindano ya mitumbwi Ukerewe huuzungusha mgongo wake kiasi gani kwa kila pigo. Bila maarifa hayo mazoezi ya kumrejesha mchezaji hubaki ya kitandani. Isitoshe, kinga yenyewe iko mikononi mwa kocha. Mpango wa kupasha mwili joto uliotayarishwa na kituo cha utafiti wa tiba cha FIFA mwaka 2006 una mazoezi 15, huchukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira, na tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba timu zinazoufuata walau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuufundisha, lakini atakayeufanya ufuatwe asubuhi kwa asubuhi ni kocha.

Udhaifu ninaouona katika mafunzo yetu ni kwamba walimu hawa, hata wanapopatikana, hufundisha kila mmoja kwa wakati wake. Mwanafunzi humsikia mpasuaji Jumatatu, mfamasia Jumatano, na kuachiwa aunganishe mwenyewe. Ingefaa zaidi wakae pamoja mbele ya mgonjwa mmoja, wabishane mbele ya mwanafunzi kuhusu goti lilelile, na mwanafunzi aone mpasuaji akimsikiliza kocha. Hilo halihitaji jengo jipya wala mashine. Linahitaji ratiba, na utayari wa wakubwa wa fani kuketi meza moja.

Kwa viongozi wa klabu, walimu wa michezo na wazazi, maelezo haya yana matumizi ya moja kwa moja. Unapomkabidhi mtu wachezaji wako, mwombe cheti cha taaluma na usajili wake, kisha muulize ni lini mara ya mwisho alifanya mafunzo ya kuurejesha moyo uliosimama, atamwita daktari gani kwa simu mchezaji akianguka, na ni vipimo gani hutumia kuamua kwamba mchezaji aliyeumia amekuwa tayari. Mtu aliyeandaliwa vizuri hatakasirikia maswali haya. Mchua misuli wa siku nyingi asifukuzwe. Mikono yake ina uzoefu, na akifundishwa dalili za hatari atakuwa msaidizi wa kutegemewa. Ama kwa mgonjwa anayevuka kwa meli kutoka Nansio kuja kliniki ya fiziotherapia mjini, aje na viatu anavyochezea, picha za mionzi na karatasi za upasuaji kama anazo, majina ya dawa zote alizotumia, na ikiwezekana aje na kocha wake, ili mazoezi atakayopangiwa yafanyike kisiwani bila kulazimika kusafiri kila wiki.