Bandari iko Kililana, athari ziko Amu

Ripoti ya tathmini ya athari ikinifikia mezani, kwanza natafuta ramani. Maelezo mengine yanaweza kuremba. Ramani huonyesha taasisi ya serikali imeamua kutazama wapi na kufumbia macho wapi.

Chukua bandari mpya ya Lamu, Kenya. Mji wa Kale wa Lamu, ambao wenyeji huuita Amu, uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na eneo lenyewe ni dogo, hekta 16 hivi. Gati ziko Kililana, bara, ng'ambo ya maji. Mhandisi akisema mradi wake haugusi hata jiwe moja la mji, hadanganyi. Ila hilo silo swali. Anaulizwa athari: njia ya meli ikichimbwa, mvuvi wa Amu atavua wapi? Mikoko ikifyekwa, boriti za dari zitatoka wapi? Wageni wakimiminika kutafuta kazi, watajenga wapi? Mji ule haukuorodheshwa kwa sababu ya kuta peke yake; uliorodheshwa pia kwa sababu bado una watu wanaouishi.

Mahakama Kuu ya Malindi iliulizwa hayo hayo katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, wakazi wa Lamu walioishtaki serikali kuhusu bandari hiyo. Tarehe 30 Aprili 2018 majaji waliamua kwamba haki ya utamaduni ya wenyeji ilivunjwa, na kwamba tathmini ya kimkakati ya mpango mzima ilipaswa kutangulia. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. (Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021.)

Hiyo tathmini ya kimkakati ndiyo naiona muhimu kuliko fidia. Bandari ni kipande tu cha LAPSSET, mpango wa ushoroba wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia: bandari, barabara, reli, bomba la mafuta, uwanja wa ndege. Ukikipima kila kipande peke yake, kila kimoja kitaonekana kidogo, na hakuna ofisi itakayobeba jumla yake.

Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 tunayo. Tatizo ni kwamba mwanaakiolojia huitwa baada ya mkandarasi kutia saini, na wakati huo ushauri pekee unaobaki ni kusogeza nguzo mita chache. Miongozo ya Mkataba wa Urithi wa Dunia, aya ya 172, inataka serikali itoe taarifa mapema, kabla ya uamuzi ambao ni vigumu kuutengua. Kwa vitendo, barua ya kwenda UNESCO, Paris, iandikwe kabla ya tangazo la zabuni.