Pujabarshiki: Toleo la Sikukuu Lililomkuza Mpelelezi Feluda

Neno pujabarshiki limeungwa kwa maneno mawili ya Kibengali: puja, yaani ibada, na barshiki, yaani jambo la kila mwaka. Wachapishaji wa Kolkata, mji wa India, hulitumia kwa toleo nene la jarida linalotoka mara moja kwa mwaka, siku chache au wiki kadhaa kabla ya sikukuu ya Kihindu ya Durga Puja, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Majarida mengine huliita toleo hilo sharadiya, yaani la majira yanayofuata mvua kubwa za huko. Anayelifasiri kuwa “toleo maalumu” hakosei, ila anaacha nje kiini chake. Katika pujabarshiki riwaya hutolewa nzima kwa mkupuo mmoja, ikiwa na picha zilizochorwa kwa ajili yake, na kitabu chenye jalada lake hufuata baadaye. Kwa hiyo msomaji wa Kibengali huijua hadithi kwanza kama kurasa za jarida, akiisoma siku za mapumziko huku ndugu zake wakingoja zamu.

Mfululizo unaoonyesha maana hiyo vizuri ni ule wa mpelelezi Feluda, uliotungwa na Satyajit Ray, yule yule mwongozaji wa filamu. Jina kamili la Feluda ni Prodosh Chandra Mitra, na visa vyake husimuliwa na binamu yake mdogo, Topshe. Hata hivyo, Feluda hakuzaliwa katika pujabarshiki. Kisa chake cha kwanza kilianza kutoka Desemba 1965 katika Sandesh, jarida la watoto la kila mwezi, na hapo ndipo inapobidi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya picha za Feluda ni ndefu kuliko ya Feluda mwenyewe.

Sandesh ilianzishwa mwaka 1913 na babu yake Satyajit, Upendrakishore Ray Chowdhury. Jina lenyewe lina maana mbili: ni habari, na pia ni kitamutamu cha maziwa yaliyogandishwa ambacho Wabengali hukipenda mno. Upendrakishore alikuwa mwandishi, mchoraji na mpiga chapa kwa pamoja, na huo wa tatu haukuwa ufundi wa kujifurahisha. Picha alizochora kwa kitabu chake cha watoto cha Ramayana, utenzi wa kale wa India, ziliharibika zilipochongwa kwenye mbao ili zichapwe. Mistari aliyoitia kwa uangalifu ilitoka minene na butu. Akaagiza vifaa kutoka Uingereza, na mwaka 1895 akafungua biashara yake ya kutengeneza mabamba ya kuchapia picha, iliyokuja kujulikana kama U. Ray and Sons.

Ufundi alioukazania ni ule wa kuivunja picha kuwa vitone. Picha hupigwa kwa kamera kupitia kioo chenye mistari myembamba inayokatana, na kila sehemu ya picha hugeuka kuwa vitone: vikubwa vinavyokaribia kugusana penye giza, vidogo vilivyotawanyika penye mwanga. Mashine ina wino mweusi peke yake, lakini jicho huona kijivu cha kila namna. Ukiisogeza lenzi ya kukuzia juu ya ukurasa, kijivu hicho hupotea na vitone hubaki. Upendrakishore aliyaandikia makala majarida ya kitaalamu ya Uingereza kuhusu hesabu za kioo hicho, akiwa Kolkata, bila mwalimu wa kumshika mkono. Mwanawe, Sukumar, alikwenda Uingereza mwaka 1911 kusomea uchapaji, akarudi 1913, na baba yake alipofariki Desemba 1915 akashika uhariri wa Sandesh. Kwa maoni yangu, michoro ya Sukumar kwa mashairi yake ya vichekesho haijapata mfano katika vitabu vya watoto vya Kibengali. Alifariki Septemba 1923, siku chache kabla ya Abol Tabol, mkusanyiko wa mashairi hayo, kutoka kitabu. Baada ya hapo biashara ilianguka, na jarida nalo likazimika.

Satyajit, aliyekuwa na umri wa miaka miwili tu baba yake alipofariki, alirudi kwenye kazi ya familia kwa njia ya pembeni. Kuanzia miaka ya 1940 alichora majalada na picha za ndani kwa ajili ya Signet Press, kampuni ya vitabu ya Kolkata. Kazi yake kwa toleo fupi la riwaya ya Pather Panchali lililolengwa watoto ndiyo iliyompa wazo la filamu yake ya kwanza, iliyotoka 1955. Mwaka 1961 aliifufua Sandesh pamoja na mshairi Subhash Mukhopadhyay, na jarida lililohitaji hadithi likamgeuza mwandishi wa hadithi. Mwaka huo huo akamtunga mwanasayansi Profesa Shonku, na miaka minne baadaye Feluda. Maneno yalikuwa yake, na picha pia zilikuwa zake.

Jambo hili la mwisho si la kawaida. Katika mifululizo mingi ya Kibengali mwandishi hupeleka maandishi, nalo jarida humtafuta mchoraji, hivyo shujaa mmoja anaweza kubadilika sura kwa kutegemea aliyepewa kazi mwaka huo. Ray aliandika na kuchora; hata herufi za kichwa cha hadithi alizichora kwa mkono wake.

Mlango wa pujabarshiki ulifunguka mwaka 1970, kisa cha Gangtoke Gondogol kilipotoka katika toleo la Puja la Desh, jarida la fasihi la watu wazima. Sonar Kella ikafuata humo mwaka 1971, na kwa miaka mingi Feluda akawa sehemu ya sikukuu. Wasomaji sasa walikuwa nyumba nzima, kuanzia mtoto hadi nyanya yake. Ray mwenyewe alieleza ugumu wa kuandika hadithi za upelelezi ukiwakumbuka vijana: mapenzi haramu ya siri hayana nafasi, na ukatili lazima uwe kidogo. Ndiyo maana visa vingi vya Feluda huhusu vito, sanamu, hati za kale na watu wenye tamaa.

Mtindo huu wa kutoka kwanza jaridani humtega anayetafuta tarehe. Badshahi Angti, riwaya ya kwanza ya Feluda, ilitolewa kwa sehemu katika Sandesh kuanzia 1966, lakini kitabu chake, kilichochapwa na Ananda Publishers, ni cha 1969. Anayetazama ukurasa wa hakimiliki peke yake humwona Feluda akiwa mdogo kuliko umri wake.

Picha nazo zina umri wake. Katika Sonar Kella anatokea kwa mara ya kwanza Lalmohan Ganguly, mwandishi wa riwaya za kusisimua anayejiita Jatayu, rafiki mwoga na mwaminifu wa Feluda. Ray alimchora kama alivyomwazia. Kisha, mwaka 1974, akaigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, na nafasi ya Jatayu akaicheza Santosh Dutta, mwenye kipara na masharubu. Mchoraji akashindwa na mwigizaji: katika picha za miaka iliyofuata Jatayu alianza kufanana na Dutta, na Dutta alipofariki mwaka 1988 Ray hakutengeneza tena filamu ya Feluda.

Ray alifariki Aprili 1992. Kisa cha Feluda kiitwacho Robertsoner Ruby kilitoka baada ya kifo chake, katika toleo la Puja la mwaka huo huo, na hadi leo wasomaji huhesabu visa vilivyokamilika kuwa 35. Anayevisoma kwa mpangilio wa miaka huku akizitazama picha humwona Jatayu akibadilika uso katikati ya safari, wala Topshe, ambaye kwa kawaida haachi kitu bila kukisimulia, hasemi neno.