Skeli kubwa si eneo kubwa

Nimeisikia tena, safari hii hapa Nakuru, kwa mtu anayefundisha jiografia: eti ramani ya Afrika iliyobandikwa ukutani ni ya skeli kubwa kwa kuwa inaonyesha bara zima, na ile ya Menengai ni ya skeli ndogo kwa kuwa ni ya mlima mmoja tu. Ni kinyume chake.

Skeli ni uhusiano kati ya umbali ulio kwenye ramani na umbali wenyewe ardhini. Ukiona 1:50,000, sentimita moja ya karatasi ni sentimita 50,000 za ardhi, yaani nusu kilomita. Hilo halimsumbui mtu.

Kinachosumbua ni kubwa na ndogo. Zile nukta mbili zinaficha kwamba 1:50,000 ni sehemu: moja juu, elfu hamsini chini. Mtoto wa shule ya msingi humdanganyi akubali thumni ya chapati badala ya nusu, ati kwa sababu nane inaizidi mbili. Akifika sekondari, huyo huyo anaona 1:1,000,000 na kuapa kwamba ndiyo skeli kubwa, kwani nani anaishinda milioni? Asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini, ikiongezeka, sehemu inapungua. 1:2,500 ni skeli kubwa sana. 1:1,000,000 ni ndogo.

Nashuku kilimo nacho kina mkono hapa. Tunafundishwa kwamba ngano ya Njoro hulimwa kwa kiwango kikubwa, “large scale” kwa Kiingereza, na ukubwa huo ni wa ekari. Mwanafunzi anaibeba maana hiyo mpaka kwenye kipindi cha ramani. Lakini kwenye ramani, kinachokuwa kikubwa ni mchoro wa kitu, wala si eneo lililochorwa. Kaldera ya Menengai, lile shimo kubwa la volkeno, ina upana wa kama kilomita 12. Kwa 1:50,000 itachukua sentimita 24 za karatasi, karibu rula nzima. Kwa 1:1,000,000 itachukua sentimita 1.2, na kidole gumba kinaifunika. Ploti ya futi hamsini kwa mia, ambayo kila mtu hapa anaijua, kwa 1:2,500 ni milimita 6 kwa 12, unaweza kuipaka rangi. Kwa 1:50,000 hata ncha ya penseli ni kubwa mno kwake.

Ndiyo maana skeli kubwa huonyesha eneo dogo: karatasi inaisha. Kutoka Kisumu hadi Nakuru, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 145. Ichore kwa 1:50,000 uone: utahitaji karibu mita tatu za karatasi. Na ukitoka 1:50,000 kwenda 1:25,000, skeli imekuwa maradufu lakini karatasi ile ile sasa inabeba robo ya eneo, si nusu, kwa kuwa urefu na upana vyote vimeguswa. Hapa hata walimu wazuri huteleza.

Halafu kuna fotokopi, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Ramani ya topografia ya 1:50,000 ya Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji, hubeba dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo. Kwetu huku karibu na Ikweta hizo ni takriban kilomita 28 kila upande, na karatasi inapita nusu mita. Haiingii kwenye A4. Basi inapunguzwa, inagawiwa darasani, na pale chini bado imeandikwa 1:50,000. Mashine hupunguza picha, haiwezi kupunguza maana ya tarakimu. Skeli ya mstari, ule mstari uliogawanywa kwa kilomita ambao wengi huuruka, hupungua pamoja na ramani na kubaki mkweli. Miraba ya gridi pia: kila mmoja ni kilomita moja, na kwenye ramani halisi una sentimita 2. Kwenye fotokopi ukiupata una 1.4, skeli yako sasa ni kama 1:71,000. Mwanafunzi akipima kwa uzi barabara ya kilomita 10 atapata sentimita 14, atazigawa kwa mbili na kuandika kilomita 7. Utampiga mkasi wa kalamu nyekundu kwa kosa gani? Kwenye simu ni vivyo hivyo, ukivuta ramani kwa vidole viwili uwiano unabadilika kila mara.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ile ya ukutani tuiite ramani kubwa ya skeli ndogo; ukubwa wa karatasi ni habari nyingine. Na kabla hujagawa fotokopi, weka rula kwenye mraba mmoja. Ukikosa sentimita mbili kamili, kata ile 1:50,000 kwa kalamu na uwaachie watoto skeli ya mstari.