Bolti kukatikia ndani ni nini, na inatolewaje

Ukimkuta fundi kainamia injini, kashika kichwa cha bolti mkononi na hasemi kitu, ujue imekatikia ndani. Yaani kichwa kimekuja na spana, mwili wa bolti umebaki kwenye tundu la bloku au silinda hedi (kile kipande cha juu kinachofunika bloku) na hakuna pa kushika. Hiyo ni tofauti na bolti kula nyuzi. Ikila nyuzi inazunguka tu haikazi, kwa sababu zile nyuzi za kwenye tundu (wengine wanaita tredi) zimechunika. Ila mara nyingi hii ya kwanza ndo inamzaa huyo wa pili, na baba yao ni haraka.

Kwa nini ikatike? Bolti ukiikaza inavutika kidogo kama springi, na huko kuvutika ndo kunabana gasketi (ile pakingi ya kati ya vyuma viwili). Sasa ikishaganda kwenye tundu halafu wewe unaikomalia na bomba refu nyuma ya spana, inajinyonga shingo kabla haijazunguka. Za eksozi manifodi (bomba la kukusanya moshi wa injini) zinaganda kwa sababu ya joto, kila siku zinachemka zinapoa. Za mfuniko wa themostati (vali inayoruhusu maji ya kupozea injini) huku kwetu Dodoma zina kesi yake: maji ya visima vingi yana chumvi, na watu wanayamwaga kwenye rejeta hivyo hivyo badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Bolti ya chuma, hedi ya aluminiamu, maji ya chumvi katikati, hapo umetengeneza betri bila kujua, aluminiamu inaliwa taratibu inakuwa unga mweupe, unga unajaa kwenye nyuzi na kushika kama saruji.

Jamaa yangu mmoja ana Noah ya zamani, anapiga ruti ya Kibaigwa. Injini ilishushwa ifanyiwe ovahoo, bolti ya themostati ikakatika. Fundi wa kwanza hakupiga hata senta panchi (kishimo cha kuongoza biti), akaweka drili, biti ikateleza ikaenda pembeni (chuma ni kigumu, aluminiamu laini, biti lazima ikimbilie kwenye laini), akagongelea ekstrakta (kifaa cha kung'ata na kuzungushia bolti iliyokatika), akaizungusha, nayo ikakatika humo humo. Na ekstrakta imekomazwa hasa, biti ya kawaida inateleza juu yake tu, haiingii. Kwa hiyo sasa tundu moja lina maiti mbili.

Ikapelekwa kwa mzee mmoja wa Chang'ombe, hii ya Dodoma sio ya Dar.

"Mzee, itatoka kweli?"

"Itatoka, ila msinisimamie kichwani."

Akachukua mashine ya kuchomelea, akadondosha nukta moja moja ya moto juu ya kile kipande mpaka kikapanda juu ya uso wa hedi, akaweka nati, akaijaza moto katikati. Hedi haikuungana na kitu, kwa sababu waya wa chuma haushiki kwenye aluminiamu. Ujanja hapo ni joto zaidi kuliko nati: bolti inatanuka, ikipoa inanywea, ule unga unapasuka. Alipoweka spana hakuvuta moja kwa moja, alikuwa anaenda robo mbele anarudi, anadondoshea oili, anaenda tena, ilitoka ikilia kwii kwii na unga mweupe unamwagika. Binafsi ningeanza na njia hii kila siku, ekstrakta naiogopa.

Bolti imetoka lakini nyuzi upande mmoja zimeshaliwa na ile biti. Hapa ndo inakuja helikoili, na wateja wengi wakiisikia wanadhani wanachakachuliwa. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa, ukiuona utadhani springi ya kalamu. Bolti ile ni M8 (unene milimita 8), spana namba 12 kwenye Kijapani, nyuzi hatua 1.25, yaani umbali wa uzi mmoja hadi mwingine kwa milimita. Ungekuwa unakata nyuzi upya kwenye tundu zima ungetoboa 6.8 mm, ila kwa helikoili unapanua hadi kama 8.3, unapitisha tapu (kifaa cha kukatia nyuzi) yake maalumu, nusu mzunguko mbele robo nyuma ili chenga zikatike, kilainishi mafuta ya taa tu yanatosha kwa aluminiamu. Halafu unakiingiza kile kiwaya kizame kidogo chini ya uso, unakata kile kimkia cha chini na unakitoa, usikiache kikazurure kwenye njia ya maji. Bolti inarudi saizi ile ile, na kwenye aluminiamu inashika vizuri kuliko nyuzi za kiwandani, maana bolti sasa inang'ata chuma. Tundu likiwa limeharibika sana, ndo unaenda kwa wachongaji wakuchongee bushi (kibomba cha chuma chenye nyuzi).

Kitu kingine watu wanapuuza ni kukausha tundu lisilotokea upande wa pili, hasa yale ya bolti za hedi kwenye bloku. Oili au maji yakibaki chini, bolti ikishuka hayana pa kwenda, na kimiminika hakibonyei, bloku inaweza kupasuka ukiwa unakaza kwa torki (nguvu ya kukaza) sahihi kabisa.

Mzee alipaka grisi ya shaba kwenye bolti mpya, akakaza kwa mkono mwepesi, akamwambia jamaa anunue kulanti. Jamaa akaitikia ndiyo mzee, nashukuru sana mzee. Juzi nimepanda ile Noah, dumu la maji ya kisima liko pale pale nyuma ya siti.