Kaskazi haigeuzi mkondo wa Tanzania

Wengi pwani huamini kwamba kaskazi, ule upepo wa kaskazini-mashariki, ikivuma, mkondo wa bahari nao hugeuka kwenda kusini. Kwa Somalia ni kweli. Kwa Tanzania, sivyo. Pepo za mbali, katikati ya Bahari ya Hindi, husukuma maji magharibi mpaka yagonge Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yakagawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini kupitia Mtwara, Mafia, Unguja, mwaka mzima. Januari kaskazi hulipunguza kasi tu, hivyo jahazi laweza kushuka na upepo huku maji yakilirudisha nyuma. Msimu huo, pwani ya kaskazini mwa Kenya, tawi hilo hukutana na mkondo wa Somalia unaoshuka, kisha maji yote hugeukia mashariki, bahari kuu.