Taa na mkunga hawakai tangi moja

Taa ni yule samaki bapa mwenye mkia wa mwiba, na mkunga ni samaki mrefu kama nyoka. Wiki mbili zilizopita nilipigiwa tena simu ileile ya wafugaji wa samaki wa tangini, safari hii kutoka Majengo, hapahapa Moshi. "Kaka, mkunga wangu ana wiki tatu hali chochote." Nikamuuliza maji yana chumvi kiasi gani. "Chumvi ya nini? Si mkunga wa maji baridi? Aliyeniuzia kasema akae na taa."

Jamani! Anayeuzwa kwa jina hilo mara nyingi ni Gymnothorax tile, na kwao ni milangoni mwa mito ya Asia. Fikiria maji yetu wenyewe: Kikuletwa na Ruvu huingia Nyumba ya Mungu, yakatoka kama Mto Pangani hadi baharini. Kule Pangani bahari ikijaa, chumvi hupanda mtoni; ikipwa, hurudi. Mkunga huyu mwili wake umezoea maji ya namna hiyo. Mimi humpa gramu 10 hadi 15 za chumvi kwa lita. Bahari ina kama 35. Iwe chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu, maana ya jikoni haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha. Na ipande polepole kwa wiki kadhaa, usije ukaua bakteria wa chujio wanaosafisha maji, ukazua amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki.

Wapo wanaonibishia kwamba wa kwao anaishi bila chumvi. Kweli, nimemwona mmoja akila vizuri mwaka mzima, ndipo akaanza kukataa chakula. Siwezi kukutajia siku atakayoanza kudhoofika. Yupo pia Gymnothorax polyuranodon, ambaye mitoni anaishi kweli. Basi mjue kwanza uliye naye.

Sasa taa. Taa na papa wa baharini hutunza urea, ile kemikali ya kwenye mkojo, mwilini ili damu yao ihimili chumvi. Potamotrygon, taa wa mito ya Amerika Kusini, ameupoteza uwezo huo: urea yake ni kidogo mno, na tezi ya kutolea chumvi imedumaa. Babu zake walitoka baharini, yeye hawezi kurudi. Ukimtilia chumvi ya kumfaa mkunga, unamuua. Usipotia, mkunga ndiye anayeumia. Hakuna kipimo cha katikati kitakachowafaa wote wawili, na tafadhali usinitafutie. Hata ile desturi ya kumtupia taa mgonjwa konzi ya chumvi ya mawe iacheni. Pimeni amonia na nitriti, sumu nyingine itokanayo na uchafu huo, zote ziwe sifuri, kwa kuwa taa anachafua maji mno na hayavumilii hata kidogo.

Mengine ya taa ni mepesi: mchanga laini, sakafu pana kuliko kina, nyuzi 26 hadi 28. Baridi ya Julai hita ni lazima, nayo ifunikwe, kwani taa huilalia akaungua.

Kaka wa Majengo ameazima tangi la pili. Jana chumvi ilifika gramu 4. Mkunga hajala bado, ila ametoa kichwa kwenye bomba lake nilipomwingizia kamba wa kula.