Ibn Sina hakuandika lebo ya hiyo chupa

Naomba nilimalize hili leo maana limenichosha. Mtu anakuja dirishani kuchukua vidonge vya sukari, namuuliza kuna dawa nyingine unatumia, hapana, halafu akishalipa ndo anakumbuka kuna mafuta ya habasoda anakunywa asubuhi na jioni, na unga wa mizizi sijui gani, na nikianza kuuliza kiasi gani, tangu lini, ananikata: "Dokta, hiyo ni dawa ya Ibn Sina, haina madhara." (Mi si dokta, ni mfamasia, ila hilo nilishakata tamaa.)

Haina madhara kasema nani? Habasoda nayo inaweza kushusha sukari, ukiibebesha juu ya vidonge unaweza kujikuta umeanguka bafuni. Na Ibn Sina, yule tabibu wa zamani wanayemtaja, hakuwahi kusema kwamba mitishamba haipimwi.

Yanayojulikana niyapitie haraka. Kazaliwa karibu na Bukhara (Uzbekistan ya leo) kama mwaka 980, kafa Hamadan (Iran ya leo) 1037. Kitabu chake kikubwa, Qanuni ya tiba, kina sehemu 5, ya pili ni dawa moja moja na ya tano ni za kuchanganya. Mtafsiri Gerard wa Cremona akakigeuza kwa Kilatini kule Toledo, Hispania, karne ya 12, vyuo vya Ulaya vikakifundisha mpaka karne ya 17. Haya, hayo kila mtu anayaforwadi.

Kisichoforwadiwa ni kwamba kwenye hiyo sehemu ya pili, kabla hajaanza kuzitaja dawa, anaweka masharti 7 ya kuzijaribu. Dawa iwe katika hali yake yenyewe, haijabadilishwa na kitu cha nje. Mgonjwa awe na ugonjwa mmoja, si mchanganyiko. Uangalie inachukua muda gani kufanya kazi. Matokeo yajirudie kila mara au mara nyingi, la sivyo ni bahati tu. Na ijaribiwe kwa binadamu, kwa sababu kumfaa simba au farasi hakuthibitishi kitu kwako. Sasa wewe una presha, una sukari, una vidonda vya tumbo, na chupa yako ina vitu vitano ndani, hata sharti la ugonjwa mmoja tu hutoboi!

Hapo wanarukia wale wa upande wa pili: aah, kumbe ndiye aliyeanzisha majaribio ya kisasa ya dawa. Taratibu jamani, hawa nao wananikera karibu sawasawa. Masharti yale ni ya kujua dawa ni ya joto au ya baridi, kavu au yenye unyevu, na kwa daraja gani, hesabu ileile ambayo bibi zetu wa pwani wanaitumia wakikukataza chakula fulani eti cha baridi. Ndo maana anataka dawa ijaribiwe kwenye magonjwa mawili yanayopingana, ajue inasaidia kwa asili yake au kwa bahati ya pembeni. Akili kubwa, sikatai, lakini msingi wake ni wa Galen, tabibu Mgiriki wa kale, na hakuna kundi la wagonjwa wasiopewa dawa ili ulinganishe. Kwenye kulinganisha namuona al-Razi, tabibu Mwajemi aliyemtangulia kwa karibu karne nzima, alikuwa mbele: wagonjwa wa sirsamu (uvimbe wa ubongo na utando wake) wengine aliwatoa damu, wengine akawaacha makusudi aone.

Na je, mwenyewe aliyafuata masharti yake kwa mamia ya dawa alizoziandika? Mi nina wasiwasi. Mtu alikuwa waziri, akafungwa ngomeni, akakimbia mji hadi mji, na dawa nyingi ni za kunukuu kwa wa kale. Mwanafunzi wake Juzjani anasema alikuwa na maandishi ya wagonjwa wake aliotaka kuyaingiza kwenye Qanuni, yakapotea. Vikabaki visa kama cha yule mama wa Khwarazm, huko Asia ya Kati, mwenye kifua kikuu, aliyelishwa maua ya waridi yaliyosindikwa kwa sukari, mengi mno, akapona. Mgonjwa mmoja! Kwa masharti yake mwenyewe hiyo haitoshi.

Turudi kwa wasioamini dozi. Ibn Sina alishikwa na msokoto wa tumbo akawa anajipiga enema (dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa), mara 8 kwa siku moja, mpaka utumbo ukachubuka. Akaagiza enema nyingine itiwe mbegu za seleri, daniki 2. Tabibu aliyemhudumia akatia dirhamu 5. Hivyo ni vipimo vya uzito vya zamani, dirhamu moja ni daniki 6, piga hesabu, ni mara 15. Michubuko ikazidi, na Juzjani anasema hajui kama yule tabibu alikusudia au alikosea, maana hakuwepo. Hakufa hapohapo, alipata nafuu kidogo, ugonjwa ukamrudia njiani akienda Hamadan, tena mtumishi wake alishamzidishia afyuni kwenye dawa nyingine, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba seleri ndo iliyommaliza. Ila ni mbegu za seleri, mmea, wa asili kabisa, na aliyeandika kipimo ni Ibn Sina mwenyewe.